Tiki ya Baba Limi

Simu ilimkataa Maduhu kwa mara ya tatu.

"Uso haulingani na kitambulisho," Shadya alimsomea. "Hebu vua kofia, Baba Limi."

Akavua. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, juzijuzi tu, na wembe ulikuwa umemkwangua juu ya sikio. Kwenye kitambulisho cha taifa alikuwa na nywele za kutosha.

"Joto la Shinyanga limekushinda?" Shadya alitania.

Kibanda cha Shadya kiko karibu na stendi. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anasajili laini, na siku hizi anawalipia watu tiki ya bluu kwa kadi yake ya benki, ile alama inayokaa pembeni ya jina la mtu mtandaoni kuonyesha kwamba ni yeye kweli. Wateja wake ni wauza viatu, waimbaji wa harusini na mganga mmoja ambaye hulipia kila mwezi bila kukosa. Mchimbaji wa dhahabu kutoka machimbo ya Geita, kama Maduhu, hakuwahi kumpata. Huyu alimlipa kwa noti chakavu za elfu moja moja na sarafu kibao, pesa za mikono mingi.

Shadya alimjua kabla hajajitambulisha. Miezi miwili nyuma Maduhu aliweka mtandaoni picha ya bintiye Limi, miaka sita, kavaa gauni la njano, na maneno machache: mtoto ana tundu kwenye moyo, anahitaji upasuaji, atakayeguswa achangie kwa namba hii. Watu waliguswa kwa namna yao. Wachache waliandika pole. Wengi waliandika tapeli. Walisema picha ni ya mtoto wa watu, imeokotwa. Mwingine akasema mchimbaji akikosa dhahabu ardhini huja kuchimba mifukoni mwa wenzake, na utani huo ukapendwa na watu elfu mbili. Akatokea wa kumalizia: kama mtoto ni wa kweli, baba alipie tiki, tutachanga. Na huyo naye akapendwa.

Wakati ule ilimuuma Maduhu mpaka akashindwa kula. Sasa hasikii kitu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Zamani tiki walipewa wakubwa tu," Shadya alisema huku akifuta kioo cha simu kwa pindo la mtandio. "Leo hata tapeli akilipa anapewa."

"Kwa hiyo inathibitisha nini?"

"Kwamba umelipa."

Maduhu alifikiri kidogo. "Lakini watu wanaiamini."

"Wanaiamini sana."

"Basi tujaribu tena."

Walipoanza tu, simu hiyohiyo ya Maduhu ikaita. Ilikuwa simu ya zamani yenye sauti kubwa, na kibanda ni kidogo, kwa hiyo Shadya alisikia yote. Alikuwa Mbuke, mke wa Maduhu, akipiga kutoka kijijini Samuye.

"Umefanikiwa?"

"Bado."

"Wajomba zako wanataka kurudi Mhunze. Wanasema hawawezi kuondoka wewe hupo."

"Wape chakula. Nakuja."

"Baba Limi, hiyo kazi ina faida gani sasa?"

"Nataka waamini, Mbuke. Basi tu."

Mbuke akakata simu. Shadya alimwonea huruma Maduhu. Wanawake huchoka mapema, alijisemea, na hiki si kipindi cha kuchoka.

"Mwambie mama asikate tamaa," alisema. "Tiki ikitoka, wiki haiishi pesa ya upasuaji imetimia. Una kitambulisho kingine?"

Maduhu alitoa kadi ya mpiga kura. Picha ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, na humo pia kichwa kilikuwa kimenyolewa chote.

"Kumbe ndio mtindo wako!"

"Mara moja moja," alisema Maduhu.

Shadya akamsogeza mlangoni penye mwanga. Simu ikamwamuru ageuke kushoto, akageuka. Ageuke kulia, akageuka. Atabasamu. Hapo alikwama kidogo, halafu akaonyesha meno. Simu ikaridhika.

Majibu huweza kuchukua siku mbili. Siku hiyo yalichukua dakika arobaini, na zote Maduhu alizikaa kwenye benchi, kofia mapajani, akitazama matairi ya bodaboda zilizoegeshwa nje. Tiki ilipotokea, Shadya alipiga kigelegele hadi fundi wa redio jirani akachungulia.

Shadya akasambaza ile picha ya gauni la njano kwa wafuasi wake mwenyewe wote. Haikuchukua muda. Mmoja akaandika: kumbe kweli jamani. Mwingine: namba ni ileile? Mama mmoja wa Geita aliomba msamaha kwa herufi kubwa. Hata yule wa utani wa mifukoni alikuja, akasema leo anaanza yeye na elfu hamsini.

"Unaona?" Shadya alikuwa karibu kulia kwa furaha. "Waandikie sasa hivi, kabla hawajapoa."

Maduhu aliandika kwa kidole kimoja, muda mrefu, akifuta na kurudia. Halafu akampa simu amsahihishie herufi. Shadya alianza kusoma kwa sauti, kama anavyowasomea wateja wote. Baada ya jina sauti ikakatika, na mengine akayasoma kimya:

"Limi Maduhu, miaka sita. Tulimzika Jumanne kwetu Samuye. Msitume pesa, ile namba nimeifunga. Nilitaka tu mjue kwamba alikuwepo."