Kijerumani cha Wakwe

Fundi wa nguo alikuwa na pini sita mdomoni, ndiyo maana hakumtukana mtu.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama wa bwana harusi, akiweka pini kwenye pindo la gauni, na maneno yakimpita juu ya kichwa. Mama wa bwana harusi alisema kitu kwa Kijerumani, kifupi. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa ametanda kwenye kiti cha wateja, akajibu, kifupi vilevile. Kisha wote wawili wakamtazama fundi, wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka gauni likatikisika na pindo likaenda upande.

Fundi akatema pini kiganjani. "Jamani, si mniambie na mimi nicheke?"

"Aa, mkwe, ya kawaida tu," akasema mama wa bwana harusi, akijifuta machozi. "Lugha ikishakukaa mdomoni haikuachi."

Ya kawaida! Tangu watoto wao wachumbiane, kila mkwe alipokuja kupimwa, saa sita na nusu mchana, ilikuwa hivyo hivyo: neno, jibu, kicheko. Wangekuwa wanamcheka nani kama si yeye? Nyumba yake ya vyumba viwili? Kiuno chake kilichopotea siku nyingi? Au binti yake, mtoto wa pekee, ambaye baada ya miezi minne angekwenda kuishi nyumba moja na vicheko hivyo?

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Yeye kuchekwa, sawa, ngozi ilishakuwa sugu. Lakini kumpeleka mtoto mahali atakapotukanwa huku naye anatabasamu, hapana.

"Mama, usinivurugie," binti alimwambia jioni ile. "Labda wanaongea mambo yao."

"Mambo yao mbona yananikodolea macho mimi?"

Kesho yake alifunika cherehani mapema, akaenda chuo cha watu wazima, nyuma ya posta. Bango la mlangoni lilisema: Kompyuta na Lugha za Kigeni. Karani wa usajili hakuinua hata kichwa.

"Kijerumani cha asubuhi kimejaa, mama. Imebaki jioni."

"Hata ingekuwa alfajiri. Inachukua muda gani mpaka mtu ajue kwamba anatukanwa?"

Karani akainua kichwa. "Inategemea tusi," akasema.

Masomo yalikuwa ndani ya kompyuta. Unavaa hedifoni, picha inatokea, sauti inasema, nawe unasema. Wiki ya kwanza kile kipanya kilimkimbia meza nzima, mpaka alipokikamata kama anavyokamata pasi, kikatulia. Wiki ya tatu alikuwa anaisalimu cherehani yake kwa Kijerumani. Wateja wakaanza kuulizana kama fundi yuko salama.

"Mama, mbona unasoma kama mtu anayefukuzwa?" mwalimu alimwuliza siku moja.

Fundi hakumwambia. Angesema nini? Maneno ya wale wawili yalikwenda mbio kama sindano ya cherehani, hakupata hata moja la kubeba mpaka darasani. Na kama angelipata, likawa tusi la nguoni, angelitamkaje mbele ya watu ishirini?

Alipofika somo la tisa, harusi ilikuwa imebaki wiki moja. Gauni la bibi harusi lilikuwa limekamilika lote, isipokuwa vifungo. Vifungo alivizuia kwa makusudi.

"Nikisikia wanakusema vibaya," alimwambia binti, "vifungo sishoni, na harusi haipo."

"Na wakikusema wewe?"

"Haipo vilevile. Aliyekuzaa ni nani?"

Binti akalia, akaona machozi hayasaidii, akanyamaza.

Siku ya kupima mara ya mwisho wakwe walikuja saa sita na nusu, saa yao ileile, shangazi akihema chini ya mkoba mzito. Binti alisimama mlangoni, mikono kifuani. Fundi akazima redio. Akaizungusha futi kiunoni mwa mkwe wake, akatega masikio.

Mama wa bwana harusi akamtazama fundi, akamkonyeza shangazi, akakimwaga Kijerumani chake.

Fundi akaelewa. Alielewa kila neno, na futi ikamponyoka mkononi.

"Samahani, bwana," mkwe alikuwa amesema, "kituo cha treni kiko wapi?"

"Kituo cha treni kiko karibu na hospitali," shangazi akajibu, akijishika mbavu. "Mjomba wangu ana ng'ombe wawili."

Wakacheka mpaka kioo kikatetemeka ukutani. Binti akaja mbio kutoka mlangoni.

"Mama? Wamesemaje?"

"Lete vifungo," akasema fundi.

Akaiokota futi taratibu, akaitundika shingoni, akanyoosha mgongo. Kisha akawageukia wakwe zake na, kwa Kijerumani kilichonyooka, akauliza:

"Na ng'ombe wa mjomba wako ni wa rangi gani?"

Kicheko kikakatika kama uzi. Shangazi akaanza kuchunguza dari. Mama wa bwana harusi akakusanya pindo lake mkononi, akapiga hatua moja, akamwinamia fundi sikioni ili bibi harusi asisikie.

"Mkwe," akanong'ona, "hilo la rangi liko somo la ngapi?"