Weupe Wasifungwe

Mpira uligonga mwamba, na Wiliam akajikuta ameung'ang'ania mkono wa mtu asiyemjua.

"Samahani, kaka," alisema, akauachia.

"Usijali," alijibu kijana mwenye simu waliyokuwa wakitazamia mechi. "Ila hao weupe wako watakuua kwa presha."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, mahali pekee ambapo wanaume waliruhusiwa kusubiri na mtandao ulishika vizuri. Wiliam alikuwa ametoka Kakese mchana ule, mkewe Dafrosa amemlalia mapajani kwenye bajaji, damu inamtoka. Tangu wampokee, Sista Pudensiana alikuwa amechungulia nje mara moja tu. Mtoto amekaa vibaya, alisema, lazima mama apasuliwe, lakini damu ya kundi lake imeisha na gari limeifuata. "Ikifika tu, daktari anaanza. Wewe kaa hapo, baba, muombe Mungu."

Wiliam aliomba mpaka maneno yakamwishia. Hofu haikuisha. Kila mlango ulipolia alisimama, akakaa tena. Ndipo kijana huyu alipotokea upande wa nyuma, amevaa jezi na kandambili, macho mekundu, akaketi na kufungua mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wiliam akaisogelea ile simu kama mtu aliyetota mvua anavyosogelea jiko.

Wenye jezi nyekundu walishambulia muda wote. Weupe walijazana golini kwao, wote kumi na mmoja, wanabutua tu ilimradi mpira uende mbali. Na Wiliam, bila kumwambia mtu, akajiwekea ahadi ya kitoto: weupe wakifika kwenye penalti bila kufungwa, Dafrosa atapona.

"Hawa hawastahili hata kidogo," kijana alisema. "Umefika mpaka mashindano ya mataifa, halafu unapaki basi, unasubiri penalti? Mpira gani huo? Ukiwa na shida, ifuate huko huko iliko, uimalize."

"Sasa aliyezidiwa afanyeje?" Wiliam aliuliza kwa uchungu zaidi kuliko alivyokusudia. "Afungwe ili nyie mfurahi? Kuzuia nako ni kazi. Anayezuia mpaka mwisho, huyo amestahili."

"Haya, mzee wangu, tusigombane." Kijana akacheka. "Una mtu humo ndani?"

"Mke wangu. Nasubiri damu."

"Na mimi nasubiri damu," kijana alisema, akapiga mwayo mrefu.

Moyo wa Wiliam ukalainika. Kumbe mwenzake huyu! Akatoa muhogo wa kuchemsha aliofungiwa na shemeji yake, akaukata katikati, wakala.

Simu ikaita. Namba isiyo na jina ikafunika uwanja mzima. Kijana akaikata hata bila kufikiri.

"Matapeli hao. Tangu asubuhi, mara nimeshinda zawadi, mara tuma kwa namba hii. Mimi mwenyewe mgeni hapa Mpanda, sina hata mwezi, nani ananijua?"

Dakika tisini zikaisha, hakuna aliyefunga. Kabla ya dakika za nyongeza kuanza, kichwa cha kijana kilishaanza kuanguka.

"Shika, mzee. Tangu jana sijalala. Nipumzishe macho kidogo tu."

Akaegemea ukuta, akakoroma palepale. Wiliam akaizima sauti ya simu, mwenzake alale kwa amani.

Mara gari likaingia getini kwa kasi, mtu akaruka na kisanduku cheupe, akakimbilia ndani. Damu! Wiliam akanyoosha mkono amwamshe mwenzake ampe habari njema, kisha akamwonea huruma, akaurudisha. Manesi wenyewe watamwita zamu yake ikifika. Muhimu daktari ameshaanza. Sasa yeye alibaki na kazi moja tu: weupe wasifungwe.

Wekundu wakapata kona. Beki akaupiga kichwa, ukarudi, na hapo hapo namba isiyo na jina ikaufunika mchezo. Wiliam akaikata. Picha ilipotulia, kipa alikuwa ameulalia mpira. Akashusha pumzi.

Namba ikarudi. Akaikata. Ikarudi tena, ikaja na nyingine asiyoijua, zote bila majina. Matapeli gani hawa wasiochoka? Aliogopa mno. Aliona kabisa kwamba akikosa kuona shambulio moja tu, bao litaingia, na Dafrosa atakwenda nalo. Kidole gumba kikawa juu ya kioo, kinasubiri. Kila namba ilipochomoza aliiondoa upesi, jasho linamtiririka, huku midomo ikisema bila sauti: zuia, zuia, zuia.

Filimbi ya mwisho ikapulizwa. Sifuri kwa sifuri. Weupe walianguka majanini, wakakumbatiana, na Wiliam akafuta machozi kwa mkono wa shati. Kwa mara ya kwanza tangu mchana, akaegemea ukuta.

"Wamestahili," alinong'ona. "Wamezuia kila kitu."

Mlango wa wodi ukafunguka kwa kishindo. Sista Pudensiana akaja mbio, akampita Wiliam bila kumtazama, akamkamata yule kijana mabegani na kumtikisa.

"Daktari! Tumekutafuta hospitali nzima! Damu imefika zamani, nakupigia kwa simu yangu, nakupigia kwa ya mlinzi, zote unakata! Amka, Dafrosa anatuishia!"