Miche ya Marehemu

Salha alikuwa amekaa eda, hatoki nje, na miche ya bilinganya kwenye banda la nailoni ilikuwa imeanza kusongana. Marehemu mumewe ndiye aliyezisia mbegu zile, wiki yake ya mwisho. Isingehamishwa siku ile ingeharibika. Basi alikaa mlangoni akimwelekeza wifi yake Mwatima, mtu asiyewahi kushika jembe.

"Shika jani, wifi, usishike shina! Jani huota jingine, shina halina badala."

"Kelele! Kaka yangu aliuvumilia vipi mdomo huu?"

"Aliziba masikio kwa pamba."

Wakacheka, na Salha akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

Mwatima alipomaliza kuipanda kwenye tuta mbele ya mlango, miche yote ilikuwa imelala chini. "Nimeiua," alisema. "Nimeua kazi ya kaka."

"Hujaiua. Imechoka na safari tu. Ipe maji na kivuli, jioni itaamka."

Jua lilikuwa kali. Mwatima akanyunyiza maji, akafungua mwavuli wake, akachutama kando ya tuta akiifunika miche, mgongo wake mwenyewe ukiwa juani. Salha akausogeza mkeka wake hadi kwenye kizingiti, mwisho wa pale eda ilipomruhusu.