Mtindi wa Mama Mkwe

Tunu alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Mama mkwe wake alikuwa ametembea tangu alfajiri na kibuyu cha mtindi, kwa ajili ya mimba ya Tunu ya miezi mitano.

“Kunywa, mwanangu.”

Tunu alikishusha kikombe mapajani. “Samahani, Mama. Maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa?”

“Maziwa ya kibuyu yachemshwe? Tangu lini?”

“Nesi kasema mabichi yanaweza kuharibu mimba.”

Mama mkwe alikaa chini.

“Kabla ya mumeo ziliniharibikia mbili,” alisema. “Nami niliyanywa mabichi kila siku, nipate nguvu. Tukasema jirani ndiye aliyeniroga. Akahama.”

Akakizibua kibuyu, akachungulia ndani, asiinue uso tena.