Pikapu ya Wiki Ijayo

"Ukiona tone, piga kelele!" mume alisema akiwa nje, akafungulia maji.

Mke alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, mkono mmoja tochi, mwingine kitambaa kikavu. Milango ilikuwa imefungwa na vioo vimepandishwa hadi juu. Maji yalipiga kioo cha nyuma kwa kishindo, na zaidi ya tumbo la mumewe, aliyesimama sehemu ya mizigo na mpira wa maji mkononi, hakuona kitu.

Pikapu hiyo ilikuwa inavuja tangu mvua za mwaka juzi. Mwanzoni waliweka gazeti, baadaye beseni. Aliyekaa nyuma alipewa mfuko wa plastiki wa kukalia, na watu walishazoea. Mume alisema ataiziba wiki ijayo. Alisema hivyo pia kuhusu bomba la jikoni, kuhusu mlango wa chumbani uliofungwa kwa kuegemeza kigoda, na kuhusu ukuta wa sebuleni alioupaka rangi mpaka pale mkono wake ulipofika. Mtaani walimwita Wiki Ijayo, naye aliitika.

Lakini tangu Jumanne alikuwa mtu mwingine. Alinunua gundi ya vioo, akang'oa kioo kizima, akakivisha mpira mpya, akakirudisha. Alikataa hata kazi ya kubeba mbao, ati gundi ikauke vizuri.

"Kuna nini?" mke alimuuliza siku hiyo.

"Nina mteja Jumamosi. Anahama. Si unajua tena, mtu akihama ana redio, ana pasi, ana masanduku ya nguo, vyote vya kuweka kiti cha nyuma."

"Miaka yote hii vitu vya watu vinaloa na wewe huna habari."

"Huyu nataka afike na vitu vyake vikavu."

Habari hiyo ilimfaa mke. Jumamosi ndiyo siku aliyopanga na kaka yake: kaka angekodi gari kwa dalali, wangepakia vilivyo vyake, na yeye angekwenda zake. Mume akiwa kazini, mambo yangepita bila zogo. Kilichomkera ni kimoja tu, kwamba hakupenda kutoroka kama mwizi. Alitaka kumwambia ana kwa ana. Wiki nzima alijaribu, na kila alipofungua mdomo, mume alimwomba amshikie bisibisi.

Sasa alilitazama lile tumbo nyuma ya kioo. Maji yalikuwa yanavuma kweli kweli.

"Nakuacha," alisema.

Tumbo halikutikisika.

"Naondoka Jumamosi. Sina mwanamume mwingine. Hujanipiga, wala sikuchukii. Nimechoka tu. Nimechoka kuegemeza kigoda mlangoni kila ninapokwenda kulala."

Mume aliinama, akabandika uso kwenye kioo. "Wapi?" alipaza sauti. "Kulia au kushoto?"

"Kila mahali!" alijibu, na machozi yakaanza kumtoka. "Kila mahali, bwana! Nimekaa nikisubiri mpaka nimesahau nilikuwa nasubiri nini!"

"Kulia au kushoto?"

Tone la baridi likamdondokea shingoni.

"Juu!" alipiga kelele. "Linatoka juu!"

Maji yakafungwa. Mume aliingia ndani, akabinua kitambaa cha dari, akachungulia kwa tochi. Kioo hakikuwa na kosa hata kidogo, wala hakikuhitaji kung'olewa. Maji yalipenya kwenye taa ndogo ya breki, ile iliyo nje juu ya kioo, yakatambaa chini ya dari na kujitokeza pembeni. Alitoka, akafungua skrubu mbili, akachomoa taa, akamwonyesha mkewe mpira wake: umepasukapasuka kama mkate wa juzi.

Alikata mwingine kutoka kwenye tyubu ya zamani, akaupaka gundi, akairudisha taa mahali pake. Mke alisubiri kusikia kwamba mengine yatafuata wiki ijayo. Hakusikia. Walikunywa chai kwenye ngazi mpaka gundi ikashika. Kisha mke akarudi ndani na kitambaa chake, na maji yakafunguliwa tena kwa nguvu zote. Yalimwagika muda mrefu kiasi kwamba jirani alitoka kuuliza kama kuna moto.

Kitambaa kilibaki kikavu.

Mume alifungua mlango, akapitisha kiganja kwenye kiti, halafu kwenye dari, pembe hadi pembe. "Pakavu," alisema, kama mtu anayeona haya kidogo.

Moyo wa mke ukalegea. Tangu waoane hakuwahi kumwona akianza kitu na kukimaliza, na alikuwa ameshaamini kwamba hajaumbiwa hilo. Alijikuta anampenda, na jambo hilo lilimuudhi. Simu ilikuwa mfukoni. Angeweza kumwambia kaka yake asubiri kwanza. Pengine ameharakisha. Mtu aliyeweza kung'ang'ania tundu moja dogo kwa siku zote hizi, kwa ajili ya mgeni tu, huenda kesho angeamkia mlango.

"Na huyo mteja wako," alisema taratibu, "akighairi?"

Mume alikuwa anakunja mpira wa maji. Hakuinua macho.

"Nitafurahi," alisema. "Dalali wa magari alinielekeza nyumba ya kwenda kupakia. Ni hii."