Uji Ule Ule

Katika nyumba iliyopokea ruzuku ya ubunifu, hapakuwa na ruhusa ya kurudia jambo la zamani. Serikali ilimpa Sikudhani mashine ya kukausha mafenesi, na pamoja nayo taa ndogo ya kutundikwa juu ya jiko. Ukibuni, taa huwaka kijani. Ukirudia, huwaka nyekundu, na mashine hurudishwa ilikotoka.

Tangu hapo taa haikuwahi kuwa nyekundu. Hata chai ilibuniwa: leo majani ya mpera, kesho maganda ya chungwa.

Asubuhi hiyo mama yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua homa, alisukuma bakuli pembeni.

"Mwanangu, mimi maajabu yenu siyataki. Nipikie uji wa mchele, ule niliokufundisha."

"Mama, watachukua mashine."

"Basi niache nishinde na njaa."

Sikudhani akajifunga kibwebwe. Liwalo na liwe! Akatwanga mchele, akakamua tui, akatia hiliki na pilipili manga, akakoroga bila kuinua uso. Ulipoiva ndipo akatazama juu.

Taa ilikuwa kijani.

Akadhani imeharibika. Akampelekea mama bakuli kwa furaha. Mama akaonja, akameza taratibu.

"Mtamu," alisema. "Lakini sio ule."

Sikudhani akarudi jikoni, akaosha sufuria, akatwanga mchele mwingine. Safari hii aliikazia taa macho, akiiomba iwe nyekundu.