Rimoti ya Kungwi

Siku hizi kila nyumba huruhusiwa mwanamke mmoja tu mwenye protini iliyowashwa, ile inayoingiza mafuta kwenye seli za ovari yakageuzwe homoni. Rimoti anayo kungwi wa mtaa, Bi Mwanakombo. Tangu niolewe nilikuwa nikimwandama, na leo hatimaye amebonyeza: ya mama mkwe ikazima, yangu ikawaka.

"Haya, mwanangu, sasa utazaa," kungwi akasema.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia. Zamu yangu, jamani!

Mama mkwe aliacha kukuna nazi. Jasho la ghafla lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Nifungulie dirisha."

Nilimfungulia huku nikicheka, sikuweza kujizuia.

"Cheka tu," akasema, akijipepea kwa upindo wa kanga. "Nami nilicheka hivyo hivyo, mama mkwe wangu alipoomba dirisha."